Kwa mabinti zangu mnaoolewa: maua yana saa yake

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mlioposwa hapa Mombasa, na ninyi mnaokuja kutoka ng'ambo kufanyia arusi nyumbani. Vikuba, vile vishada vya asumini vya kuvaa kifuani, nimevitunga tangu usichana wangu, nikikaa mkekani na mama, asumini zimo kwenye ungo, uzi na sindano mkononi. Siku hizi naumia nikimwona bibi arusi anaanza na picha ya kwenye simu, kisha usiku wa kupamba anatolewa mbele ya wageni ukumbini na maua yameshainama.

Picha sizikatazi. Lakini ua la kwenye picha lina nchi yake. Piyoni, ambalo wengi wenu mnalitaka, mmea wake lazima upitiwe na baridi kali ndipo uchanue. Joto letu haliufai, basi ua hilo litakujia kwa ndege na utalilipia nauli. Ukikaa na mpambaji, kabla hujatoa simu mwulize: mwezi wangu una maua gani? Na kama arusi yako ni Februari, jua kwamba kabla ya tarehe 14 mawaridi ya Naivasha hupelekwa Ulaya kwa wingi, na bei ya huku hupanda.

Sasa asumini, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Huchumwa alasiri, ingali tumba, nayo hufunguka usiku na kutoa harufu yake yote. Ndiyo maana kikuba hutungwa jioni ileile: asumini, petali za waridi, majani ya mrehani, na ua la mkadi lililochanwa vipande vyembamba. Msimhimize mtunzi akuletee asubuhi ili roho yako itulie. Kikifika, kiache ndani ya jani la mgomba, mahali penye ubaridi, na ukivae mwisho kabisa, nguo na manukato vikishamalizika. Wakati wa kusi, upepo wa miezi ya baridi, asumini hupungua, kwa hiyo anayeolewa Julai amwambie mtunzi mapema zaidi, apate kuzunguka kwa wenye miti. Mkadi usiuzidishe, harufu yake ni kali, na wapo wanaoumwa kichwa.

Mawaridi ya bara nayo yana adabu zake. Yakishuka garini yamechoka. Mpambaji mzuri huyakata shina upya kwa mshazari, akaondoa majani ya chini, akayaacha kwenye ndoo ya maji safi usiku kucha kabla ya kuyagusa. Mwulize anafanya nini yakifika. Akikwambia anayachomeka palepale, tafuta mwingine. Kwa anayetumia sponji ya kuchomekea maua, mwangalie anavyoilowesha. Huwekwa juu ya maji ikazama yenyewe. Ikisukumwa kwa mkono hubaki pakavu ndani, na ua lililochomekwa hapo halinywi. Na lili, mwombe azing'oe zile punje za chavua katikati, maana doa lake kwenye shela jeupe ni taabu kulitoa.

Arusi ya mpwa wangu ilitufunza jambo. Tulimwandikia mpambaji ujumbe, "maua yawe tayari saa 4". Sisi tulikusudia saa nne ya usiku, kupamba kunapochangamka. Yeye akasoma saa za Kizungu, akayapanga yote saa kumi alasiri, ukumbi umefungwa, feni hazijawashwa, joto la kaskazi limekaza. Wageni walipoingia, mawaridi ya jukwaani yalikuwa yameinamisha vichwa. Mtoto yule alilia chumbani, na mimi nikalia naye. Kosa lilikuwa letu sote. Basi andikeni: usiku au mchana, tarehe, ukumbi, nani atafungua mlango, maua mangapi na ya aina gani, na likikosekana hili litawekwa lipi. Arubuni itolewe kwa risiti. Pesa zako mtajie kwa ukweli tangu siku ya kwanza. Mpambaji anayejua kiasi chako atakuchagulia vizuri kuliko anayebahatisha.

Pesa zikiwa chache, kateni jukwaa, msikate kikuba. Jukwaa wageni huliona kwa mbali. Kikuba kinakuwa kifuani kwako usiku kucha, na asubuhi utakikuta juu ya mto wa kulalia, asumini zimegeuka rangi ya chai na bado zinanukia.

Mama yenu, mtunga vikuba