Barua ya wazi kwa binti wa kaka yangu: Smith si ukoo

Mwanangu mpendwa,

Barua ya posa ilisomwa Jumamosi iliyopita nyumbani kwa babu yako, Ugweno, mbele ya wazee tisa na mimi shangazi yako. Mzee aliyeongoza kikao aliuliza swali ambalo angeuliza hata kama kijana angetoka kijiji cha pili: huyu ni wa ukoo gani? Wewe ukajibu kwenye simu, sauti ikisikika kwa kila mtu, kwamba Smith ni jina la kawaida tu huko Uingereza. Kwa wazee wale hilo halikuwa jibu. Babu yako mdogo, ambaye ameshavuka miaka 80, alikunja uso na kuuliza kama hao ndio wale Smith wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo.

Usimcheke. Alikuwa kijana wakati Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, na mwezi uliofuata Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu Waingereza walishindwa kumzuia. Kwa miaka kadhaa redio ilimletea jina hilo sebuleni kama jina la adui. Niliomba nipewe nafasi ya kueleza, nikaeleza kwa kifupi, na kikao kikaahirishwa ili nieleze kwa kirefu. Naandika hadharani kwa sababu nyumba zenye watoto Ulaya na swali kama hili ni nyingi, na nimechoka kulijibu moja moja.

Kosa linaanzia kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Kwenye fomu zote tunazojaza, neno la Kiingereza la jina la mwisho tumelitafsiri kuwa jina la ukoo, na tafsiri hiyo inaahidi kitu ambacho Waingereza hawakukiahidi. Ukimwambia mzee wa Kipare kwamba Smith ni jina la ukoo, atataka kujua mwasisi wa ukoo huo, mlima aliotokea na mwiko wao. Smith haina mwasisi. Wapo waasisi maelfu, kila mmoja na kijiji chake, na karibu wote hawakujua kwamba wanaanzisha chochote.

Neno lenyewe ni la Kiingereza cha kale na maana yake ni mhunzi, mtu afuaye chuma au madini mengine. Katika maandishi ya Durham ya karibu mwaka 975 anatajwa mtu aitwaye Ecceard Smith. Hapo neno lilikuwa maelezo tu, kama sisi tunavyosema Juma Fundi Baiskeli, na hakuna aliyetarajia mtoto wa Juma aitwe Fundi Baiskeli kama anauza samaki. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mabwana wapya wenye mashamba ndio walioanza kushikilia majina yaliyorithiwa, mengi yakiwa majina ya mahali walikotoka au walikomiliki. Watu wa kawaida walifuata polepole sana, kusini mapema zaidi kuliko kaskazini, hadi kufikia takriban mwaka 1400 familia nyingi za Uingereza zikawa na jina linalotoka kwa baba kwenda kwa mtoto.

Waliosukuma jambo hili zaidi ni makarani. Kijiji chenye akina John wanne kilimsumbua karani wa mahakama ya bwana shamba, naye akamwandika mmoja kwa Kilatini kuwa John faber, yaani John mhunzi, na baadaye kwa Kiingereza kuwa John le Smyth. Kisha ikaja kodi ya kichwa, iliyotozwa mwaka 1377, ikarudi mwaka 1379 na tena mwaka 1381, na orodha zake ni miongoni mwa hazina kubwa za wanaochunguza majina ya Kiingereza, kwa kuwa mtoza kodi alihitaji kumjua kila mtu kwa namna ambayo asingeweza kumchanganya na jirani yake. Ile ya tatu ilizua uasi, na kiongozi wake aliitwa Wat Tyler, ambalo nalo ni jina la kazi, la mwezeka vigae. Sisi ambao wazee wetu walikusanyika Same mwaka 1945 kuikataa Mbiru, kodi ya wakoloni, hatuhitaji kufundishwa jinsi kodi inavyoweza kuwaamsha watu waliokuwa wametulia.

Utauliza, kwa nini Smith ndiyo iliyowashinda wengine wote, ilhali wakulima walikuwa wengi mno kuliko wahunzi? Jibu limo ndani ya swali. Jina la kutofautisha haliwezi kutokana na jambo ambalo kila mtu analo. Mahali ambapo wote wanalima, kumwita mtu Mkulima hakumtambulishi. Lakini mhunzi alikuwa mmoja, labda wawili, na moshi wa tanuri yake ulionekana kutoka kila shamba. Hakuna kijiji kilichoweza kuishi bila yeye. Ncha ya jembe la kukokotwa na ng'ombe, viatu vya farasi, bawaba za milango, mundu, visu, misumari, vyote vilipita kwenye fuawe yake. Kwa hiyo kazi ileile ilizaa jina lilelile katika vijiji vingi sana kwa wakati mmoja, pasipo watu hao kufahamiana. Waliobobea walipata majina marefu zaidi: Goldsmith ni sonara, Arrowsmith alifua vigumba vya mishale, Shoesmith viatu vya farasi, na Sixsmith, ambalo ukilisikia utadhani lina hesabu ndani yake, lilimhusu mfua mundu.

Jina nalo halikuganda mara moja. Mfano ninaoupenda ni wa Walter wa Putney, karibu na London, mwanzoni mwa enzi ya wafalme wa Tudor. Alikuwa na kazi nyingi, uhunzi ukiwemo, na kumbukumbu za mahakama ya eneo lake zinamtaja mara kwa jina la Cromwell na mara kwa jina la Smyth. Mwanawe angeweza kabisa kuingia katika historia akiitwa Thomas Smyth. Akaingia kama Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, na mwaka 1538 ni yeye huyo aliyeamuru kila parokia ya Uingereza iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Mtoto wa mtu mwenye majina mawili ndiye aliyeagiza watu waandikwe, na jina likishaandikwa la baba, la mtoto na la mjukuu kwenye daftari moja, kulibadili kunakuwa kazi.

Sasa nirudi kwa babu yako mdogo. Adam Smith aliyezaliwa Kirkcaldy, Uskoti, na kuandika juu ya utajiri wa mataifa. John Smith aliyekuwa miongoni mwa walowezi wa Jamestown huko Virginia mwaka 1607. Ian Smith wa Rhodesia. Na huyu kijana wako: jina haliwaunganishi. Wataalamu wa vinasaba wa Chuo Kikuu cha Leicester walilipima jambo hili kwa kuchunguza kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana kama jina linavyorithishwa. Kwa majina adimu, kama Attenborough, waliona wanaume wengi wakirudi kwa babu mmoja. Kwa Smith waliona kwamba wanaume wawili wenye jina hilo hawakaribiani kinasaba kuliko wanaume wawili wowote waliookotwa barabarani. Nilipowasomea wazee sehemu hiyo, mmoja alisema basi hao ni yatima. Nilimkatalia, maana kukosa ukoo wa jina si kukosa wazazi, lakini nakiri neno lake lilinigusa.

Kuhusu wingi wao, mwaka 1853 Msajili Mkuu wa Uingereza na Wales alikadiria akina Smith kuwa 253,600, yaani mtu mmoja katika kila 73, wakifuatwa kwa karibu na akina Jones. Leo Uingereza yote ina zaidi ya nusu milioni, na bado hakuna jina linalowazidi. Australia pia wanaongoza. Marekani, sensa ya mwaka 2010 iliwahesabu 2,442,977, mbele ya Johnson na Williams, na kati yao karibu robo walijiandikisha kuwa weusi. Hilo la mwisho liweke moyoni. Watumwa walipoachwa huru kufikia mwaka 1865, wengi walichukua au walithibitisha jina la mwisho, mara jina la aliyekuwa bwana wao, mara jina walilolichagua wenyewe, na Smith lilikuwa karibu kila mahali. Wengine walifika kwenye jina hilo kwa kulitafsiri la kwao: akina Schmidt kutoka Ujerumani walijigeuza Smith walipohamia Marekani, na baadhi ya Waromani (Wajipsi) wa Uingereza wanaoitwa Smith ni akina Petulengro kwa lugha yao, maana yake mtengeneza viatu vya farasi.

Na kila taifa lina mhunzi wake. Watu wa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, waliasi mwaka 1497 wakiongozwa na Michael An Gof, mhunzi wa St Keverne, na An Gof ni mhunzi kwa Kikornwall. Waskoti wana Gow, Wahungaria wana Kovács, Warusi wana Kuznetsov, Waarabu wana Haddad. Hapa Tanga ninakoishi, majirani zangu wanaposoma Ratibu ya Haddad, mkusanyiko wa dua, jioni, wanalitaja jina la mhunzi ambaye hakufua chuma: Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1720 na aliyepofuka tangu utotoni, alilirithi kwa mzee wake ambaye husimuliwa kwamba aliitwa hivyo kwa mazoea ya kukaa kwenye kibanda cha mhunzi. Majina ya kazi ni hivyo. Humkamata hata mpita njia.

Lakini walionikaa zaidi akilini ni Waayalandi wa jimbo la Cavan. Hao walikuwa na ukoo kamili, kwa maana yetu sisi, uitwao Mac Gabhann, wana wa mhunzi, wenye ardhi na nasaba inayosimulika. Chini ya utawala wa Waingereza wengi wao walilitafsiri jina hilo wakawa Smith. Maana haikupotea hata chembe, kwani mhunzi alibaki mhunzi. Kilichopotea ni kile ambacho maana haikibebi: mjukuu wao akienda London au Boston, hakuna tena awezaye kumtenga na akina Smith wengine kwa kulisikia jina lake tu, na ili ajue anatoka Cavan lazima atafute karatasi.

Unaona ninakoelekea. Wewe ni Mshana. Washana ndio ukoo wa wahunzi wa Ugweno, na kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua ndio waliotawala milima ile ya Upareni, kwa sababu aliyeshika chuma alishika jembe na mkuki. Uliniuliza kwa ujumbe, kabla hata posa haijajibiwa, kama utapaswa kulichukua jina la mumeo. Sheria ya Uingereza haimlazimishi mke. Ni desturi tu, na wapo wengi wanaobaki na la kwao. Ukilichukua, kwa maana ya neno utakuwa umetafsiri jina lako na kubaki palepale, mhunzi kwa mhunzi, na nimecheka peke yangu kwa hilo zaidi ya mara moja. Hata hivyo Mshana ukilitamka popote Tanzania, Mpare atakayekusikia ataanza kuhesabu undugu, na Smith ukilitamka popote Uingereza, hakuna atakayeinua kichwa. Hayo ni majina mawili ya kazi moja yanayofanya kazi tofauti. Uamuzi ni wako. Mimi ningebaki nalo, na watoto ningewapa yote mawili.

Kwa kikao cha pili, usiwajibu tena wazee kwa jina. Jina lake halitawasaidia, na si kosa la kijana. Huko kwao asili ya mtu wa kawaida haitafutwi kwenye jina la mwisho bali kwenye daftari zile za parokia, na tangu mwaka 1837 kwenye usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo. Tena kwa mwenye jina la Smith, wanaochunguza nasaba huanza kwa upande wa bibi, kwa kuwa bibi mara nyingi alizaliwa na jina adimu linaloelekeza wilaya moja au mbili. Muulize jina la bibi yake mzaa baba kabla hajaolewa, babu yake alizikwa parokia gani, na wa kabla yake alifanya kazi gani. Akijua hata vizazi vitatu, wazee watatosheka, kwa maana wapo vijana wa hukohuko Same wasiofika vitatu. Uniletee majibu hayo kabla ya mwisho wa mwezi, maana mzee ameshataja tarehe na mbuzi ameshachaguliwa.

Shangazi yako,
Tanga