Risala ya Mashali wa Kujitolea wa Mbio za Magari, Mwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa mtaa, wazazi wetu na vijana wenzetu mliotoka Igoma, Buswelu mpaka Kisesa, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Mgeni wetu karibu sana, tumefurahi kweli maana wengi wakisikia mbio za magari wanawaza madereva tu.

Sisi mashali, yaani wasimamizi wa usalama wa mbio, ndo wale wa ovaroli za rangi ya chungwa wanaosimama kwenye kona na bendera za kuwaonya madereva. Hatulipwi, na sio huku tu, hata mashali wa Formula 1, zile mbio kubwa za magari za dunia, wengi wanajitolea. Bendera ya njano ikipepea dereva anajua mbele kuna hatari, apunguze mwendo na asimpite mtu, nyekundu mbio zimesimamishwa, ya bluu anaambiwa nyuma yako kuna mwenye kasi zaidi, yenye mistari ya njano na nyekundu barabara inateleza. Ila kwenye rali za barabara za vumbi kama zetu shughuli kubwa ni watu. Watoto wameshapanda juu ya mawe, mbuzi wako upande wa pili, halafu anakuja mama na beseni la dagaa kichwani anakwambia mwanangu nawahi sokoni na gari lenyewe silioni, na kweli halionekani, lakini ukitega sikio unaisikia injini nyuma ya mlima, hapo unamwambia samahani mama subiri kidogo, kwa heshima zote lakini humpishi.

Mheshimiwa, kazi hii inaua. Mwaka 1977 kule Kyalami, Afrika Kusini, gari lilisimama pembeni likaanza kuwaka, mashali wa miaka 19 tu, Frederik Jansen van Vuuren, akakatiza barabara mbio na mtungi wa kuzimia moto, magari yanayokuja yalikuwa bado yamefichwa na mwinuko, akagongwa na gari la Tom Pryce, mtungi ukampiga Pryce kichwani, wakafariki wote wawili. Miaka 19 ndo umri walio nao nusu ya hawa waliokaa nyuma yangu. Ndo maana kwetu hakuna kuipa barabara mgongo na hakuna kuvuka mpaka mkuu wa kona aseme vuka, hata kama moto unauona kwa macho.

Sasa mkuu wa kona atajuaje kama njia ni nyeupe? Ndo kilio chetu. Tunatumia simu zetu wenyewe, ukiingia nyuma ya milima mtandao hakuna, kona moja haijui yaliyotokea kona ya jirani. Tunaomba redio za upepo, walau kila kona iwe na moja. Pia tunaomba utusemee tupate mafunzo ya huduma ya kwanza na bima, wazazi waliopo hapa wametuuliza sana habari ya bima na wana haki. Ovaroli na filimbi tutachangishana wenyewe. Ila redio mheshimiwa, tunaziomba kabla ya mbio zijazo, sio baada.

Naomba kuwasilisha.