Tufundishwe simu zetu kwa Kiswahili, kama tulivyofundishwa mwaka 2016

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ninalokutana nalo kila siku kwenye meza yangu ya ufundi wa simu, karibu na Soko la Mbuyuni hapa Moshi. Simu nyingi ninazoletewa kwa maelezo kwamba zimeharibika hazina ubovu wowote. Zimeguswa mahali ambapo mwenye nazo hakujua kuwa papo, na kwa kuwa hakuna aliyemweleza lolote siku aliponunua, huishia kulipia matengenezo ya kitu kizima.

Aliyenisukuma kuandika barua hii ni mama mmoja wa Kibosho ambaye simu yake ilianza kusema yenyewe. Kila alipogusa kioo, sauti ilitaja jina la alichokigusa, mstari ukakizunguka kitu hicho, lakini hakuna kilichofunguka. Ndugu zake walimwambia ni virusi, na wengine wakamtisha kwamba kuna mtu anamsikiliza. Aliipeleka kwa fundi mmoja, ambaye simtaji, naye akaifuta yote na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, na picha za mazishi ya mumewe, ambazo hazikuwa zimehifadhiwa mahali pengine popote, zikapotea. Baada ya hapo simu ikamdai akaunti ya Google iliyokuwamo kabla ya kufutwa, kwa kuwa tangu mwaka 2015 mfumo wa Android una kinga ya namna hiyo ili mwizi asinufaike kwa kuifuta simu aliyoiiba. Akaunti yenyewe ilikuwa imefunguliwa na mpwa wake aliyemnunulia simu, na huyo mpwa alikwisha kusahau nenosiri. Ndipo mama huyo alipofika kwangu, akiwa amelipa fedha, amepoteza picha, na simu bado haitumiki.

Kilichoipata simu hiyo kinaitwa TalkBack, yaani kisoma skrini kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wasioona. Katika simu nyingi za Android, njia ya mkato ikiwa imeruhusiwa, huwashwa na kuzimwa kwa kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja na kuvishikilia kwa sekunde chache, jambo ambalo linaweza kutokea lenyewe simu ikibanwa ndani ya mkoba. Kikiwa kimewashwa, kugusa mara moja ni kuchagua, kugusa mara mbili kwa haraka ndiyo kufungua, na ukurasa husogezwa kwa vidole viwili badala ya kimoja. Laiti mama yule angeambiwa maneno hayo machache, picha za mumewe zingekuwapo hadi leo. Sisemi haya kwa kukilaumu kifaa chenyewe, kwa sababu kwa asiyeona kisoma skrini ndicho kinachomwezesha kujua salio lake bila kumkabidhi mtu mwingine simu yake na siri zake, na ningependa kila familia yenye ndugu asiyeona ijue kwamba kimo ndani ya simu tayari na hakilipiwi.

Wapo watakaosema kwamba wananchi hawana hamu ya kujifunza mambo ya namna hii. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni mwaka 2016. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipotangaza kwamba mwezi Juni mwaka huo simu bandia zingezimwa, nchi nzima ilijifunza kubonyeza *#06# na kusoma tarakimu 15 za utambulisho wa simu. Walijifunza wauza ndizi, walijifunza makondakta, walijifunza na wazee ambao hadi siku hiyo walijua kupokea simu tu. Kilichowafundisha ni redio na magazeti, likiwamo hili, kwa kurudia jambo moja kwa Kiswahili chepesi mpaka likaeleweka. Hata leo namba hiyo ina kazi, kwa maana tarakimu hizo ndizo zinazohitajika mtu anaporipoti simu iliyoibwa, na kila mmoja anapaswa kuziandika kwenye daftari la nyumbani kabla ya simu kupotea.

Jambo ambalo ningetamani lipewe uzito kama ule ni namba ya siri ya laini. Wateja wangu wengi huamini kwamba namba ya kufungulia kioo inawalinda kikamilifu. Haiwalindi, kwa sababu anayeiba simu hana haja ya kufungua kioo: huchomoa laini, huipachika kwenye simu nyingine, na tangu hapo ujumbe wenye tarakimu za uthibitisho, zile zinazotumwa mtu anapodai kuwa amesahau nenosiri la barua pepe au anapofungua WhatsApp kwenye simu mpya, humfikia yeye. Laini iliyowekewa namba yake ya siri hukataa kufanya kazi kila inapopachikwa kwenye simu nyingine, mpaka namba hiyo iandikwe. Sehemu ya kuiweka ipo kwenye mipangilio (settings), upande wa usalama, palipoandikwa kufunga SIM kadi. Lakini mtu asikimbilie kujaribu tu. Namba ya mwanzo huwekwa na kampuni ya simu, kwa hiyo aiulize kwanza, maana akikosea mara tatu laini hujifunga na kudai namba ya PUK yenye tarakimu nane, na akiikosea PUK mara kumi laini hiyo haifufuki tena. Kwa kawaida PUK huwa imechapishwa kwenye ile kadi kubwa ambayo laini hubanduliwa kutoka kwake, kadi ambayo wengi wetu huiacha palepale dukani. Tulipopanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019, wananchi walikaa ana kwa ana na wasajili kwa dakika kadhaa, na nasikitika kwamba dakika moja kati ya hizo haikutumika kuwaeleza jambo hili.

Kwa wale wanaokwapuliwa simu na watu wa pikipiki, Google ilianza mwaka 2024 kusambaza kinga inayotambua mtikisiko wa simu kunyakuliwa ghafla na kukimbizwa, kisha ikafunga kioo yenyewe. Inapatikana kwa simu za Android 10 na kuendelea, ila kwenye simu nyingi mwenyewe ndiye anayepaswa kuiwasha.

Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani nimewajazia taarifa za dharura bila malipo, na nilitumia dakika chache tu kwa kila mmoja. Simu nyingi za Android zina ukurasa huo, na iPhone inao ndani ya programu yake ya afya, ambapo mtu huandika kundi lake la damu, dawa zinazomdhuru na namba za ndugu wa karibu. Mhudumu wa hospitali anaweza kuusoma kwa kugusa neno la dharura kwenye kioo kilichofungwa, bila kujua namba ya siri ya mgonjwa. Kijana anayeletwa akiwa hajitambui hawezi kumtaja mama yake, lakini simu iliyo mfukoni mwake inaweza kumtaja, na mimi naona hili lingepaswa kufundishwa sambamba na kuvaa kofia ngumu.

Nina wateja wengine ambao ni wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Hawa huniletea betri wakisema zimekufa, kwa kuwa simu iliyokuwa na chaji ya kutosha jioni ilizima ghafla usiku wa kupanda kileleni. Betri za simu hupoteza nguvu kwa muda kwenye baridi kali na kuirudisha zinapopata joto, kwa hiyo wengi wao hawahitaji betri mpya. Wanahitaji kuiweka simu ndani ya nguo, karibu na mwili. Aidha, mahali ambapo mtandao unakuja na kupotea, simu hutumia chaji nyingi kwa kuutafuta. Hali ya ndegeni (airplane mode), inayoizuia simu kutafuta mtandao, huondoa mzigo huo, huku kamera ikiendelea kufanya kazi, na hata ramani iliyopakuliwa mapema ikiendelea kuonyesha ulipo, kwa sababu kupokea mawimbi ya satelaiti za GPS hakuhitaji laini wala bando.

Mengine nayataja kwa ufupi. Mwenye kumpa mtoto simu atazame katuni anaweza kuibandika programu moja kwenye kioo, ili mtoto asitoke humo na kuingia kwenye ujumbe au picha. Aliyeifuta arifa, yaani taarifa fupi inayojitokeza kwenye kioo, kwa bahati mbaya anaweza kuisoma tena kwenye historia ya arifa, iliyoletwa na Android 11 mwaka 2020, mradi awe ameiwasha kabla. Mfanyabiashara anayeandika maelezo yaleyale ya bei mara nyingi kwa siku anaweza kuyahifadhi kwenye kamusi binafsi ya kibodi, akaandika herufi mbili tu na kibodi ikampendekezea sentensi nzima. Na anayelalamika kwamba simu yake inayageuza maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza aongeze Kiswahili kwenye lugha za kibodi. Kibodi ya Google hata huandika Kiswahili kinachotamkwa kwa mdomo, huduma iliyoanza mwaka 2017, na ni msaada mkubwa kwa mzee ambaye macho na vidole vimechoka.

Hapo ndipo ninapofikia ombi langu. Simu za Android zinaweza kugeuzwa zote ziwe za Kiswahili, lakini wateja wangu wengi wakigeuziwa hurudi baada ya siku mbili wakitaka Kiingereza, kwa madai kwamba maneno kama mipangilio, arifa na hali ya ndegeni ni magumu. Kwa maoni yangu maneno hayo ni mazuri na yanaeleweka. Yamekosa tu kusomwa na kusikika mara kwa mara. Mtu anayesoma ukurasa wako wa michezo hashindwi na kuotea wala kona, kwa sababu ameyakuta maneno hayo kila wiki kwa miaka mingi.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, gazeti lako litenge safu ndogo ya kila wiki, hata ya maneno mia mbili, inayoeleza jambo moja tu la simu, kwa kutumia maneno yaleyale ya Kiswahili yanayoonekana kwenye kioo, na kutaja pale ambapo Tecno, Samsung na iPhone zinatofautiana. Kama mtahitaji mafundi wa kuihakiki kabla haijachapishwa, mimi na wenzangu wawili hapa Mbuyuni tuko tayari kufanya kazi hiyo bila malipo, na ningependekeza safu ya kwanza iwe ya kisoma skrini na namna ya kukizima.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi simu,
Mbuyuni, Moshi