Kwa vijana wenye leseni mpya ya urubani: acheni kuidharau Caravan

Wanangu,

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja kwangu Tabata na daftari lake la saa za kuruka, kalifunga kwenye mfuko wa nailoni kama hati ya kiwanja. Nikalifungua. Saa 214. Mstari wa mwisho umeandikwa miaka mitatu iliyopita, na baada yake kurasa tupu mpaka jalada la nyuma.

Nikamuuliza, "Baba, kazi hukupata?" Alipata. Kampuni moja ndogo ilimwita aanze kama rubani msaidizi kwenye Cessna Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, akakataa, kwa sababu kwenye kundi lenu la WhatsApp mlimwambia Caravan ni daladala na mshahara wake ni aibu. Mkamshauri asubiri jeti. Sasa cheti cha afya kimeisha muda, na kila tangazo la kazi analosoma linamuuliza ameruka saa ngapi katika miezi 12 iliyopita.

Nimekasirika, sitaficha. Jedwali lenu la mishahara nimeonyeshwa: Emirates kiasi fulani, Qatar Airways kiasi fulani, Ethiopian, Kenya Airways, Air Tanzania, dola tupu. Hakuna palipoandikwa rubani wa kampuni hiyo hukaa kiti cha kulia, cha msaidizi, miaka mingapi kabla ya kukalia cha kushoto, cha kapteni. Hakuna palipoandikwa kama ndege zake zinaruka au zimeegeshwa.

Leseni ya kuanzia kazi mmeipata kwa saa zipatazo 200. Leseni ya juu, ile ya ukapteni kwenye ndege kubwa za abiria, inataka saa 1,500. Hizo 1,300 za katikati mtazitoa wapi, kwenye simu?

Mimi nimestaafu kutoka kwenye jeti, lakini urubani niliujulia kwenye ndege ndogo. Dar mpaka Unguja dakika 20, Unguja mpaka Pemba, kurudi, kisha Mafia mchana upepo umechachamaa. Kesho yake uko Serengeti, unapita chini juu ya kiwanja cha vumbi cha Kogatende kufukuza nyumbu ndipo ugeuke kutua. Unapima mafuta mwenyewe, unapanga mizigo mwenyewe, unamwambia mgeni mwenye haraka kwamba wingu lile hatuliingii. Jioni umeshatua mara nane. Rubani msaidizi wa safari ndefu za kutoka Dubai, anayegawana zamu na wenzake watatu, anaweza kumaliza mwezi hajafikisha idadi hiyo. Kweli, huko hela ni nzuri, nyumba unapewa, ada ya watoto unasaidiwa. Nendeni, nitafurahi kuliko mama zenu. Lakini mlango ule unafunguliwa kwa saa, na saa ziko huku mnakokucheka.

Wala msioze kwenye Caravan. Yapo mashirika makubwa yanayohesabu zaidi saa za ndege inayorushwa na marubani wawili. Ukishaiva kwenye Caravan, bisha hodi kwenye ATR za Precision Air au Dash 8 ya Air Tanzania, ndege za pangaboi za marubani wawili, halafu ndipo tuzungumze habari za jeti.

Na mjue kampuni hufa. East African Airways ilikufa 1977, na mwaka huohuo zikazaliwa Kenya Airways na Air Tanzania. Jetlink ya Nairobi ilisimama 2012. Fastjet Tanzania iliacha kuruka 2018. Korona ilipoingia 2020, hata Emirates ilipunguza marubani. Kampuni isipokufa, injini inaweza kukuweka chini: Airbus A220 za Air Tanzania zimewahi kuegeshwa kwa kasoro ya injini kutoka kwa mtengenezaji, na ndege ikilala, daftari la rubani wake nalo linalala. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mshahara, uliza kampuni ina ndege ngapi zinazoruka leo, na marubani wangapi wako mbele yako kwenye foleni ya ukapteni. Uliza pia kama marubani wana chama. Novemba 2022 wa Kenya Airways waligoma, mojawapo ya madai yao likiwa michango ya mfuko wa akiba. Hilo nalo ni sehemu ya malipo, na kwenye jedwali lenu halimo.

Mengine kwa ufupi. Bondi ya mafunzo, yaani mkataba wa kutumikia kampuni iliyokulipia mafunzo, isome yote kabla ya kutia saini, hasa kiasi utakachodaiwa ukiondoka mapema. Usimlipe mtu akuajiri. Cheti cha afya kisiishe hata siku moja. Kiingereza cha redio kinolewe.

Lawama si zenu peke yenu. Mzazi anauza shamba amsomeshe mtoto urubani, sisi tunashangilia picha ya sare, kisha kwenye kila harusi tunamuuliza, "Unarusha ndege kubwa?" Ndege mpya ya taifa ikitua tunaipokea kwa ngoma. Huyu wa saa 200, nani anauliza atafikaje kwenye kiti chake? Tumemwachia WhatsApp.

Kijana wangu wa daftari Jumatatu anakwenda kupima afya. Baada ya hapo anahitaji saa chache na mkufunzi ili leseni irudi hai, na fedha yake tumepata nusu. Wenye Caravan mnaosoma barua hii, namba yangu mnayo.