Kadari si leseni ya udereva

Mhariri,

Msomaji aliyedai kwamba sayansi imethibitisha kila kitu kimepangwa, hivyo tusimlaumu dereva basi linapopinduka, amechelewa miaka 200. Hiyo ni fizikia ya Laplace, Mfaransa aliyeandika mwaka 1814 kuwa akili inayojua mahali pa kila chembe na nguvu zote zinazoisukuma ingeijua kesho kama inavyoijua jana.

Chukua atomu za kaboni-14, zile zinazopimiwa umri wa mifupa ya kale. Rundo lake lote, nusu itageuka naitrojeni kwa takriban miaka 5,730. Hilo halina ubishi. Lakini hii moja, itageuka leo jioni au baada ya karne kumi? Hesabu tulizonazo hazisemi. Einstein aliamini ipo sababu iliyojificha. Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell akaonyesha jinsi ya kulipima jambo hilo, na majaribio yaliyowapatia Aspect, Clauser na Zeilinger Tuzo ya Nobel mwaka 2022 yamezibana mno sababu za siri za aina aliyoitaka Einstein. Hazijaisha zote: nadharia ya mwanafizikia David Bohm ya 1952, yenye sababu za siri, bado ina watetezi, ila inadai chembe ziathiriane papo hapo hata zikiwa mbalimbali. Maabara, basi, haijatoa hukumu.

Wanaoshangilia bahati nasibu ya atomu kana kwamba ndiyo uhuru wetu nao wananishangaza. Mkono wangu ukienda kulia kwa bahati nasibu, mimi nimeamua nini?

Tukija kwenye dini, hata Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti aliyefundisha kuwa Mungu amekwisha kuwachagua wa kuokolewa, hakumfutia mkosaji hatia. Na Waislamu wenzangu wanakijua kisa cha Sayyidna Umar, khalifa wa pili. Alikuwa safarini kwenda Shamu, akaambiwa kuna tauni, akashauriana na masahaba, akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubaida akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mungu? Akajibu: ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa ngamia walioshuka bondeni, upande mmoja una majani na wa pili mkavu. Popote utakapowalisha, umewalisha kwa kadari.

Kama khalifa hakuiona kadari kuwa ruhusa ya kuingia kwenye tauni, sijui dereva wa basi ameipata wapi ruhusa ya kuovateki kwenye kona.

Msomaji wako,
Tanga