YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASHINE YA KUPULIZIA DAWA MLIYONIUZIA

Ndugu Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima zote, sikuja dukani kwenu kutafuta mashine kubwa wala yenye rangi ya kupendeza. Nilimweleza muuzaji wenu kwamba mahindi yangu napanda kwa mistari ya sentimita 75, na matairi ya trekta nimeyapanga sentimita 150, katikati ya tairi hadi katikati ya tairi, ili mistari miwili ibaki salama chini ya tumbo lake. Nikasema nataka mashine ya kukokotwa inayokanyaga palepale trekta lilipokanyaga, hata kwenye kona. Akanijibu, "Mzee, hii inageuka kama bajaji."

Bajaji yenu hiyo ina ekseli ya mita mbili kamili, haipunguzwi wala haiongezwi. Nimeipima kwa futi mara tatu. Kila tairi limetoka sentimita 25 nje ya njia ya trekta, na kutoka katikati ya njia ya tairi la trekta hadi kwenye shina ni sentimita 37 na nusu tu. Ongezeni upana wa tairi lenyewe, mtajua linapita wapi.

Na hapo ni kwenye mstari ulionyooka! Trekta likigeuka mwisho wa shamba, mashine inakata kona kwa ndani kama ng'ombe aliyeona maji. Chuma cha kuunganishia hakipindi, ekseli haigeuki, na juu yake kuna tangi la lita 2,000, yaani tani mbili za maji juu ya mahindi yaliyofika magotini. Mabawa ya kupulizia sina ugomvi nayo: mita 12, mistari 16 kwa mpigo, nozeli zote zinatoa sawasawa. Lakini nozeli nzuri inampulizia nani ikiwa mhindi umeshalala? Jioni ya siku ya kwanza nilizunguka kingo za shamba nikiinua mashina kwa mkono. Yaliyokatika niliwapa mbuzi. Viwavijeshi havijawahi kunifanyia hivyo.

Nilipokuja ofisini kwenu Arusha, nikitokea Kiteto, nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Fundi wenu alipotoka alisema mbele ya wateja: "Mzee, tatizo si mashine. Tatizo ni dereva wako." Watu wakacheka.

Taratibu zenu za udhamini mnazijua, sina haja ya kuwasomea. Siku nne kabla ya safari hiyo nilipiga simu, ikawa inaita tu. Na siku ya kununua niliomba mashine ifungwe kwenye trekta nione inavyogeuka, nikaambiwa uwanja ni mdogo. Uwanja ni mdogo, lakini inageuka kama bajaji!

Narudia habari ya fundi, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Saa saba nzima nimekaa na karatasi ya vipimo mkononi. Hakuitazama. Alikuwa anachezea simu yake, hata uso hakuinua, akasema tatizo ni dereva. Dereva huyo ni mwanangu, na alikuwa ameketi ubavuni pangu. Ameendesha trekta miaka tisa bila kukanyaga mstari. Aliinamisha kichwa, na hadi tunafika nyumbani hakusema neno.

Nilipoanza barua hii nilitaka mnibadilishie ekseli tu, mniletee inayorekebishika hadi sentimita 150. Sasa sitaki. Njooni mchukue mashine yenu, mnirudishie fedha zote pamoja na gharama ya usafiri, na mlipe mahindi yaliyokanyagwa, nimeyapiga picha mstari kwa mstari. Tena fundi huyo aje Kiteto amwombe radhi mwanangu, hapo hapo shambani.

Nawapa siku 14. Zikipita, malalamiko haya yatafika Tume ya Ushindani, na wakili wangu atawaandikia kwa lugha isiyo na "kwa heshima zote". Na mashine nitaikokota mwenyewe hadi langoni kwenu, niiegeshe pale wateja wanapoingilia. Dereva atakuwa yuleyule.

Wenu,
Mkulima wa mahindi, Kiteto