Uso kulegea: tuelezwe tiba inafika tabaka gani

Mhariri,

Makala ya ukurasa wako wa afya kuhusu kulegea kwa uso uzeeni ilikuwa na mengi ya manufaa, lakini kuanzia mwanzo hadi mwisho ilizungumzia ngozi peke yake, kana kwamba ngozi hiyo imelala juu ya kitu kisichobadilika kamwe. Nimekuwa muuguzi katika kliniki za ngozi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na naamini upungufu huo ndio unaowafanya watu wengi walipie tiba ambayo, hata ikifanyika kwa ustadi, haiwezi kukigusa kile kilicholegea.

Ngozi yenyewe ina sehemu yake, wala siipuuzi. Tabaka lake la kati, yaani demisi, limejaa nyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, ambazo hufikia takriban robo tatu ya uzito wake ikiwa kavu, pamoja na nyuzi chache za elastini zinazoirudisha ngozi mahali pake baada ya kuvutwa. Inakadiriwa kwamba kolajeni hupungua kwa asilimia 1 hivi kila mwaka tangu mtu anapoingia utu uzima, na kwa wanawake kasi hiyo hupanda ghafla hedhi inapokoma, kiasi kwamba karibu asilimia 30 inaweza kupotea katika miaka 5 ya mwanzo. Uvutaji wa sigara huongeza uharibifu huo. Krimu zenye steroidi nazo, ambazo wapo wanaozipaka usoni ili kung'arisha rangi bila kuandikiwa na daktari, huifanya ngozi iwe nyembamba kabla ya wakati wake.

Hata hivyo, mharibifu mkuu anayetoka nje ya mwili ni jua, hasa ile miale ya urujuanimno yenye mawimbi marefu, ambayo hupenya hadi kwenye demisi na hupita hata katika kioo cha dirisha. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori mwenye umri wa miaka 69, aliyekuwa amefanya kazi hiyo kwa miaka 28, ambaye shavu lake la upande wa dirisha lilikuwa limekunjamana na kulegea kupita lile jingine. Urithi, umri na lishe ya mashavu yote mawili ni vilevile. Kilichotofautiana ni mwanga. Wenye ngozi nyeusi wana kinga kubwa zaidi kutokana na melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, na ndiyo sababu mikunjo yao huchelewa, ila kinga hiyo haizuii yale yanayotokea chini ya ngozi.

Na huko chini ndiko makala yako haikufika. Mwaka 2007 madaktari wa upasuaji Rod Rohrich na Joel Pessa wa Marekani walionyesha, kwa kudunga rangi katika nyuso za maiti, kwamba mafuta ya uso hayakuungana bali yamegawanyika katika vyumba vyenye mipaka yake. Vyumba hivyo havizeeki kwa namna moja: mafuta ya kina yanayoinua shavu hupungua, ilhali yale ya juu hushuka na kurundikana kando ya mkunjo wa pua na juu ya ukingo wa taya. Mfupa nao hupungua. Tundu la jicho hupanuka, taya la juu hurudi nyuma, na taya la chini hupoteza kimo, hasa kwa aliyeng'oka meno. Kano ndogo zinazoishikilia ngozi kwenye mfupa hulegea pia, lakini si zote kwa kiwango kimoja, na pale zinapoendelea kushika huku sehemu za jirani zikiporomoka ndipo mifereji huonekana. Uso wa mzee kwa hiyo unafanana na mto uliopungua pamba: foronya haikuongezeka, ila inaonekana kubwa kwa sababu kilichokuwa kikiijaza kimekwisha.

Ndiyo maana anayepunguza uzito kwa haraka, iwe kwa upasuaji wa tumbo au kwa sindano hizi mpya za kupunguza unene, anaweza kuonekana amezeeka usoni ndani ya miezi michache ingawa ngozi yake haijapata jua zaidi ya kawaida.

Tukishalielewa hilo, ahadi za matangazo zinapimika kwa urahisi zaidi. Krimu ya kolajeni, kwa mfano, huuzwa kana kwamba inarudisha kilichopotea. Wataalamu wa ngozi hutumia kanuni kwamba molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) haipiti kwa urahisi katika tabaka la juu la ngozi, ilhali molekuli ya kolajeni hufikia takriban daltoni 300,000. Inachofanya krimu hiyo ni kulainisha juu juu, kazi ambayo mafuta ya kawaida huifanya pia. Tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, ni habari nyingine, kwa kuwa huchochea utengenezaji wa kolajeni na ikitumiwa kwa miezi mingi hupunguza mikunjo midogo, ingawa haimfai mwanamke mjamzito na haiwezi kulipandisha shavu lililoshuka. Katika vitu vinavyopakwa, ninachokipigia debe bila kusita ni losheni ya kukinga jua. Utafiti uliofanyika Australia kwa watu wazima 903 na kuchapishwa mwaka 2013 uligundua kwamba waliotakiwa kuipaka kila siku walikuwa na dalili za uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24, baada ya miaka 4 na nusu, kuliko walioachwa waitumie wapendavyo. Hakuna anayeitangaza kwa mbwembwe, labda kwa sababu inachofanya ni kuzuia tu.

Sindano nazo huchanganywa sana. Sumu ya botulinamu, maarufu kwa jina la Botox, hulegeza misuli, na hufaa kwa ndita za kipaji cha uso na mikunjo inayotokana na kukaza macho. Kuwaza kwamba dawa ya kulegeza itakaza shavu ni kuitaka kazi isiyo yake. Vijazio vya asidi ya hayaluroniki, yaani jeli inayodungwa chini ya ngozi, hurudisha ujazo uliopotea, na hapo vinalingana na chanzo cha tatizo, mradi aliyekosa ujazo ndiye anayedungwa. Nimeona nyuso zilizojazwa mara kwa mara ili kuivuta ngozi ambayo tayari imezidi, zikaishia kuwa nzito na pana bila kuonekana changa, na sidhani kama wenyewe walielezwa kwamba ulikuwa umefika wakati wa kuacha. Kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo: kijazio kikiingia katika mshipa wa damu kinaweza kuua sehemu ya ngozi au, kwa nadra, kupofusha jicho moja kwa moja. Kipo kimeng'enya cha kukiyeyusha, hayaluronidesi, ambacho kila anayedunga anapaswa kuwa nacho chumbani, na mteja ana haki ya kuuliza kama kipo kabla hajalala kitandani.

Mashine za joto, zile za mawimbi ya redio na za mawimbi ya sauti, huipasha demisi na tabaka zilizo chini yake ili kolajeni isinyae na mpya itengenezwe. Mawimbi ya sauti yanayolengwa huweza kufika kina cha milimita 4.5, na joto katika nukta zake huzidi nyuzi 60 za Selsiasi. Matokeo hujengeka kwa miezi, ni ya wastani, na humfaa mtu aliyeanza tu kulegea. Kwa ngozi nyeusi mashine hizo zina nafuu moja, kwamba hazitafuti rangi kama zinavyofanya leza nyingi, ambazo zikichaguliwa vibaya huacha mabaka meusi yanayokaa muda mrefu kuliko mikunjo iliyokuwa ikitibiwa. Nyuzi za kuinulia ngozi sina la kuzisifia: huyeyuka ndani ya miezi, mvuto wake hupungua nao, na wakati mwingine huacha vibonyeo au maambukizi.

Ngozi ikishazidi na kuning'inia shingoni na tayani, kinachobaki ni upasuaji, nao umebadilika sana tangu ulipoanza mwanzoni mwa karne ya 20. Wapasuaji wa awali waliivuta ngozi peke yake, ikakaza kwa muda, kisha makovu yakatanuka na uso ukabaki na sura ya mtu aliyesimama mbele ya upepo mkali. Mwaka 1976 Vladimir Mitz na Martine Peyronie wa Ufaransa walieleza tabaka la utando na misuli lililo chini ya mafuta ya juu, na tangu hapo mpasuaji stadi huliinua tabaka hilo na kuiacha ngozi itandazwe bila kukazwa. Matokeo huweza kudumu miaka mingi, ingawa uzee unaendelea na safari yake. Hatari zake si za kufichwa: damu kuvilia chini ya ngozi ndilo tatizo linalotokea zaidi, mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso unaweza kujeruhiwa, na mvutaji wa sigara ambaye hakuacha wiki kadhaa kabla anaweza kupoteza ngozi iliyo karibu na sikio. Mwenye historia ya makovu yanayofura aiseme mapema, kwa kuwa mkato wenyewe hupita kandokando ya sikio, mahali ambapo makovu hayo hupenda kuota.

Simlaumu anayetaka kuubadili uso wake, wala simwoni mzembe anayeuacha ulivyo. Ninachoomba ni kwamba kila mnapoandika juu ya tiba fulani mtaje inafika tabaka gani, inalenga upungufu wa ngozi, wa mafuta au wa mfupa, na matokeo yake hudumu kwa muda gani. Vilevile, picha za kabla na baada zisichapishwe iwapo mwanga, mkao wa kidevu na tabasamu havilingani, kwa sababu kidevu kikiinuliwa kidogo tu na taa ikawekwa mbele badala ya juu, ukingo wa taya hunyooka hata kwa mtu ambaye hajatibiwa chochote.

Msomaji wako,
Muuguzi mstaafu